Kabla Plasta Haijakauka

Baba yangu ni fundi wa plasta. Jumapili iliyopita nilimwonyesha kwenye simu picha za kanisa la San Francesco, Montefalco, mji mdogo wa mlimani huko Umbria, Italia. Tangu 1895 ni makumbusho. Nyuma ya madhabahu, kuta zimejaa maisha ya Mtakatifu Fransisko, kuanzia kuzaliwa zizini hadi kuwahubiria ndege. Ni kazi ya Benozzo Gozzoli, aliyoimaliza 1452.

Nilidhani ataangalia watakatifu. Yeye akauliza, "Hiyo ni chokaa?"

Ni chokaa na mchanga. Mchoraji wa fresko hupaka rangi plasta ikiwa bado mbichi, ndiyo ikikauka rangi ishikane na ukuta. Kwa hivyo hupigwa sehemu ndogo tu, ya kazi ya siku moja. Kesho, sehemu nyingine. Ukikosea na imeshakauka, unabomoa. Au unapaka juu yake, na hiyo ya juu ndiyo hubanduka kwanza.

"Basi alianzia juu," Mzee akasema. "Ukianzia chini, unachafua kazi yako na matone yako mwenyewe."

Ni kweli, walianzia juu. Na sikuwa nimemwambia.

Kisha tukafika kwa ile picha niliyokuwa naiogopa. Fransisko amevua nguo zote, amemrudishia baba yake, Pietro Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa. Askofu anamfunika kwa joho lake. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, hii ndiyo hadithi niliyojisimulia: kijana jasiri, baba asiyeelewa. Karo yote ilitoka kwa kuta za nyumba za watu, lakini hilo sikulipa nafasi kwenye hadithi. Nilimwambia Mzee kwa SMS, siku ambayo mambo yalikuwa yameshakauka.

Aliishika simu kwa muda. Vidole vyake vina nyufa za simiti.

"Hizo nguo," akasema, "si ni huyu baba alimnunulia?"

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimwangalia mtoto tu. Lakini Gozzoli alimchora baba pia, na zaidi ya miaka 570 baadaye bado yuko pale ukutani.

"Nisamehe, Mzee," nikasema. "Si kwa kuacha. Ni kwa vile nilivyokwambia."

Hakujibu haraka. Alisogeza picha kwa kidole gumba.

"Haya, ndege wako wapi?"