Nilinyamaza, mzee akampoteza punda wake

Akwambiaye kwamba kununua punda ni jambo dogo hajaishi Garissa. Hapa punda ndiye mfereji wa nyumba nyingi. Yeye ndiye huvuta mkokoteni wa mitungi ya maji kutoka mto Tana hadi mitaani, na akifa, watoto wa mwenyewe hulala njaa.

Wangu alikufa mwaka wa 2019. Mume wangu alikuwa mgonjwa, na mkokoteni huo ndio uliokuwa ukilipa karo ya watoto wetu wawili. Nilikopa katika chama chetu cha akina mama, nikafunga Sh14,000 kwenye pindo la leso, nikangoja Jumatano, siku ya soko la mifugo.

Jirani yangu mzee, ambaye sote twamwita Adeer, yaani ami kwa Kisomali, alinipa wosia.

“Usidanganywe na unene,” alisema. “Mfungue mdomo. Ikiwa meno ya mbele bado ni ya utoto, huyo hajafika umri wa kuvuta mzigo. Inua kila mguu utazame kwato. Papasa mabega na mgongo utafute vidonda. Kisha mtembeze. Lakini kwanza uliza ni nani anayemjua muuzaji.”

Sokoni nilipita ngamia, ng'ombe na mbuzi hadi pembeni walikokuwa punda. Kijana mmoja aliniita mbio. Alikuwa na punda dume, mnene, mwenye meno mazuri, na alitaka Sh8,000 tu. Moyo ulinidunda kwa furaha.

Nilimwuliza ametoka wapi. Mara alisema Hulugho, mara Modogashe, miji ambayo iko pande mbili mbalimbali kabisa. Hakuwa na dalali wa kumdhamini. Nilipomshika punda sikio la kushoto, akaruka. Lilikuwa limekatwa karibuni, damu haijakauka vizuri. Mtu alikuwa amefuta alama ya mwenyewe.

Nilielewa. Kwetu hakuna alaye nyama ya punda, lakini tangu mwaka wa 2016 vichinjio vya punda vilikuwa vimefunguliwa nchini. Ngozi zilipelekwa Uchina, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji. Punda wakaanza kuibwa usiku.

Niliondoka kimya kimya. Kwa mama mmoja aliyejulikana na madalali nilinunua punda jike, mdogo wa umbo, kwa Sh13,500. Mama huyo mwenyewe ndiye aliyenitajia aibu yake. “Mwanangu, huyu huogopa lori. Ukisikia lori, shika kamba fupi.” Dalali akashuhudia, tukapeana mikono.

Nilirudi nyumbani nikijisifu kwa werevu wangu. Siku ya nne, mzee mmoja mchuuzi wa maji alibisha mlangoni. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akimtafuta punda wake dume, mnene, mwenye alama kwenye sikio la kushoto.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akatazama chini.

“Ungalimwambia dalali mmoja tu, mama,” alisema, akaenda zake. Hakumpata kamwe.

Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka wa 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka wa 2021. Mwaka wa 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani. Hayo ni mambo ya wakubwa. Mimi ninalolijua ni hili: siku ile nilizilinda pesa zangu na mtoto wangu akabaki shuleni, lakini neno moja kutoka kinywani mwangu lingaliokoa riziki ya mwenzangu.

Kwa hivyo, msomaji, ukienda kununua mnyama, kagua meno na kwato. Na ukitilia shaka muuzaji, usitosheke na kuondoka. Mwambie dalali, mzee wa soko au polisi. Mimi sasa husema, hata nikiitwa mdaku.

Punda wangu bado yuko, na mpaka leo huogopa lori.