Siku Tatu au Siku Nane

Shule za Uganda zilifunguliwa tena kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili. Nilirudi darasani kwa furaha. Langoni paliwekwa ndoo ya maji na sabuni, na sote tulivaa barakoa. Juma la tatu niliamka na homa na kikohozi. Shule niliyofundisha wakati huo, ambayo sitaitaja, ilimkata mwalimu ujira wa kila siku aliyokosa kazini. Nami nilikuwa nimekaa miezi mingi bila mshahara, nikiuza mkaa ili watoto wapate chakula. Nikameza vidonge vya homa, nikaenda kufundisha.

Kisa hicho kilinirudia nilipojifunza namna wataalamu wanavyotumia hisabati kukadiria mwenendo wa ugonjwa mahali pa kazi panapofunguliwa. Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1927 Kermack (ambaye, jambo la kustaajabisha, alikuwa kipofu) na McKendrick waliwagawa watu katika mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliotoka katika mzunguko huo kwa kupona au kufa. Swali kuu ni hili: mgonjwa mmoja atawaambukiza wangapi? Wakizidi mmoja, ugonjwa huenea. Wasipofika mmoja, hufifia.

Tuchukue tarakimu za mfano, nilizozibuni kwa ajili ya somo hili. Mwalimu mgonjwa hukaribiana na watu 10 kwa siku, uwezekano wa kumwambukiza kila mmoja ni 3 kwa 100, na huambukiza kwa siku 8. Zidisha: 10 mara 0.03 mara 8 ni 2.4. Serikali ikiamuru watu waje kazini kwa zamu, wale 10 wanakuwa 5, na jibu linashuka hadi 1.2. Wengi watashangilia, kumbe ugonjwa bado unaenea, ila kwa mwendo wa kinyonga. Sasa ongeza sharti moja: mwenye dalili abaki nyumbani, ili siku 8 za kuambukiza wenzake ziwe 3. Jibu linakuwa 0.45. Janga linazimika.

Linazimika karatasini. Anayeandika 3 katika hesabu hiyo amekwisha kudhani, pengine bila kujua, kwamba mgonjwa anaweza kubaki nyumbani na bado akala. Katika chumba chetu cha walimu tangazo la kumtaka mgonjwa apumzike lilibandikwa ukutani, na mhasibu akaendelea kukata. Kwetu siku zilibaki 8. Ndiyo maana nikisoma makadirio ya namna hii, huuliza kwanza ni nani anayelipia zile siku 5.

Wapo watakaoitetea shule ile kwamba haikuwa imepokea karo kwa muda mrefu. Ni kweli, nami siwabezi. Lakini Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini ujira kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi amjulishe mwajiri na awe tayari kuonyesha cheti cha daktari. Mimi, mwalimu wa uraia, sikuijua. Niliisoma miezi kadhaa baadaye.

Mwenzangu niliyeketi naye meza moja alianza kukohoa juma lililofuata. Alikuja kazini kila siku, nami sikumwambia neno.