Ndoo ya Maji Chini ya Kitanda



Walioona picha za harusi yangu wameniuliza mambo mawili. La kwanza, mbona nywele zangu fupi? La pili, nani yule dada mrefu aliyekaa nami chumbani tangu usiku wa hina, ambaye dira limemkaa kama la kuazima? Majibu yote mawili yanatoka pahala pamoja: kambi ya JKT.

Mimi ni mtoto wa Unguja, lakini kidato cha tano na cha sita nilisomea Dar es Salaam, nikikaa kwa mama mdogo. Kwa hiyo jina langu likatoka pamoja na wenzangu wa skuli za Bara waliotakiwa kuripoti Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Mafunzo haya kwa wanaomaliza kidato cha sita yalisitishwa mwaka 1994, yakarudishwa 2013. Ni ya miezi mitatu. Mama alipata habari kwa simu, na nilipomsomea orodha ya vitu vya kuchukua, raba, fulana ya kijani, shuka mbili za bluu bahari, akanyamaza. Nilipofika kwenye bukta akasema, "Basi, inatosha."

Tena nilikuwa nimeshaposwa. Mama mkwe alikuwa amenivisha pete, na mchumba wangu alisema, "Nenda, miezi mitatu si miaka."

Nilipangiwa kambi ya Nyanda za Juu Kusini, mwezi wa Juni. Sisi wa pwani baridi tunaijua ya friji. Basi lilipomaliza kupanda Kitonga nikahisi vidole vya miguu si vyangu. Siku chache baadaye tukanyolewa nywele, wanawake sote. Zangu zilifika kiunoni, na bibi yangu alizipaka mafuta ya nazi tangu nikiwa mdogo. Niliziangalia zilivyolala chini, nikajifunga mtandio, nikalia kimyakimya. Kesho yake nikagundua kuwa kwenye hanga letu hakuna mzuri wala mbaya. Sote tulikuwa kuruta.

Aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa binti wa Tukuyu, Mkristo, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza chenja kombania nzima ikaitikia. Yeye aliniita Mzenji, mimi nikamwita Jirani, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Sikumpenda mwanzoni. Alicheka kwa sauti kubwa, na nilidhani ananicheka mimi.

Sasa niwaambie habari ya alfajiri. Tuliamshwa usiku bado mkubwa, tukakimbia mchakamchaka gizani. Tukirudi, muda wa sala umeshaingia, lakini bombani kuna foleni ndefu na baada ya muda mfupi zinaanza fatiki, usafi na kazi nyengine. Ukipanga foleni ya maji, jua linakukuta umeshika kopo. Wiki ya kwanza nilihangaika sana. Asubuhi moja nimerudi nahema, Jirani akanigusa bega: "Mzenji, maji." Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo, nusu imejaa. Aliyateka usiku.

Tangu hapo kila alfajiri ilikuwa hivyo. Maji yalikuwa baridi kama barafu, nikitawadha meno yanagongana, lakini nilisali kwa wakati. Siku zangu zilipofika nikawa sisali. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani, "Mzenji, dini umeacha?" Nilipomueleza tulicheka mpaka matroni akatunyamazisha. Kicheko kile kilitufanya marafiki.

Halafu pete ikapotea.

Vito hatukuvaa mazoezini, kwa hiyo niliificha. Siku moja nikapekua begi lote, haipo. Nitamwambia nini mama mkwe? Na ndani ya moyo wangu, dada zangu, jina la kwanza lililokuja ni la Jirani. Nani mwengine anajua begi langu lilipo? Nani anabaki hangani usiku akiteka maji wakati wengine tumelala? Nikamnong'oneza mwenzetu mmoja wa Ujiji, Muislamu mwenzangu, kana kwamba dini moja inatosha kuhalalisha kusengenya. Sikumuuliza Jirani chochote. Nilipunguza tu salamu.

Siku tano. Na siku zote tano ndoo ilikuwa pale pale, nusu imejaa.

Siku ya sita nilikuwa nafua. Nikakunjua soksi ndefu nyeusi, nikahisi kitu kigumu kwenye ncha. Nilikuwa nimeifunga pete kwa uzi mle ndani mimi mwenyewe, usiku wa kwanza, kwa usingizi na baridi, nikasahau. Niliinyanyua soksi ile nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza dhana mbaya na kusengenyana. Sura hiyo nimeihifadhi chuoni nikiwa na miaka kumi.

Jioni nikamfuata nje ya hanga, nikamwambia yote, hata maneno niliyomwambia yule wa Ujiji. Akaniacha nimalize.

"Nilisikia siku ile ile," akasema.

"Mbona uliendelea kuniwekea maji?"

"Maji yalikuwa ya sala. Ugomvi wako na mimi, sala yako inahusikaje?"

Kisha akaongeza kuwa iliuma, na kwamba usiku mmoja alilia. Sikuwa na la kujibu. Nilimuomba radhi, na kesho yake nikamuomba yule wa Ujiji afute alichosikia kwangu. Usiku ule nilikwenda bombani mimi, nikateka ndoo mbili.

Harusi yetu ilikuwa Shaaban iliyofuata. Nywele zilikuwa zimefika shingoni tu. Mpambaji akataka kuniunganishia nyengine, nikakataa. Dini yetu imekataza, na hizi zangu fupi zina historia yake. Akanifunga kilemba na vikuba vya asumini, nikapendeza, alhamdulillah. Jirani alivuka na boti kutoka Dar, akatapika njia nzima, akashuka bandarini anacheka. Mama alimpokea kama mwanawe. Wa Ujiji naye alikuja.

Wewe unayejiandaa kuolewa, najua unahesabu sare, vyakula na wageni. Hesabu na hili: nani umemdhania vibaya ukakaa kimya? Mfuate kabla ya nikahi. Neno moja la "nisamehe" litakupunguzia mzigo kuliko singo ya siku saba.

Alfajiri ya siku ya harusi nilikuwa nimelala fofofo, hina imekauka mikononi. Mtu akanigusa bega. Nilifumbua macho nikamuona amechuchumaa, ndoo mbele yake.

"Mzenji," akasema, "maji."

Allah amuongoze, amlipe kheri, na atujaalie sote marafiki wa aina yake. Amin.