Gaby na ziwa lake, sisi na letu



Sisi walimu wa kujitolea wa upande huu wa Rwekubo tunasoma kitabu kimoja na watoto wakubwa kila Jumamosi. Wengi wenu mmeshasikia habari zake nyumbani. Kuna mzazi mmoja alifika mpaka darasani kutuuliza, tena kwa sauti ya juu, kwa nini tunawasomea watoto mambo ya vita. Swali lake ni la haki kabisa, ndiyo maana tunajibu hapa ili kila familia isome.

Kitabu kinaitwa Petit Pays, yaani nchi ndogo. Mwandishi ni Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Mwaka 1995 vita ilimfikisha Ufaransa akiwa bado mtoto. Kitabu kilitoka mwaka 2016, na mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari za kule Ufaransa wakakipa tuzo ya Goncourt, ile wanayoichagua wao wenyewe. Sisi tuna nakala moja tu, ya Kiingereza, mwenzetu aliileta kutoka Mbarara. Mmoja anasoma, mwingine anatafsiri papo hapo. Akikwama, watoto wa Kirundi wanamsaidia, maana mambo ni ya kwao.

Gaby ana miaka 10. Anakaa Bujumbura, mtaa wa Kinanira, kwenye njia isiyotokea upande wa pili, na Ziwa Tanganyika haliko mbali. Inafika likizo kubwa ya kiangazi, ile wengine wetu tuliizoea kuiita vakansi. Hakuna kazi, hakuna shule. Yeye na wenzake wanaiba maembe kwenye viwanja vya majirani na kuyauza, halafu wanajificha ndani ya gari bovu, Volkswagen Combi, ambalo wamelifanya makao makuu. Sura hizo darasa lilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mtoto mmoja wa Uvira akasema, "Mwalimu, hawa ni sisi kabisa."

Lakini baba na mama wa Gaby hawaoni nchi kwa jicho moja. Baba anaona vilima na ziwa na maisha mazuri, hataki kuondoka. Mama anataka waende Ulaya, kwa sababu yeye alikimbia Rwanda akiwa mtoto mdogo, na hapo Burundi, pamoja na uzuri wote, bado ni mkimbizi. Hapo darasa lilinyamaza. Wakumbuke wasomaji wetu kwamba kambi hii yenyewe ilianza karibu na mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia wakati uleule. Yule mama angeweza kukulia hapa Nakivale.

Tukawauliza watoto, na ziwa letu je? Majibu yalikuja haraka: maji ya bomba yanatoka humo, jerikeni, samaki, kiboko, usisogee. Hakuna aliyetaja mchezo. Basi tukawapa kazi ya nyumbani: muulize mzazi jambo moja alilofanya kando ya maji wakati wa likizo, alipokuwa na umri wako.

Ndugu zetu, hatukutegemea yaliyokuja. Mama wa Baraka alimwambia binti yake jinsi walivyokuwa wakianika ndagala kwenye mchanga na kupigana na kuku siku nzima. Baba wa Rumonge alieleza usiku usio na mwezi, mitumbwi imewasha taa, ziwa zima linaonekana kama mji. Familia ya Kisomali haina ziwa, wakatuletea bahari ya Kismayo. Na kijana mmoja alirudi na daftari tupu. Baba yake alimwambia, "Nimesahau." Hatukumuuliza zaidi.

Sasa tuje kwenye vita. Oktoba 1993 Rais Ndadaye anauawa, Aprili 1994 yanaanza mauaji ya kimbari Rwanda, na marafiki wa Gaby wanaanza kumlazimisha achague upande. Darasani mwetu watoto wa pande zote wanakaa benchi moja. Siku hiyo mmoja akamgeukia mwenzake, "Na ninyi mlikuwa wapi?" Walimu tulibishana jioni nzima. Wengine walitaka tufunge kitabu kwenye maembe. Mwisho tulikubaliana kuendelea, kwa sharti moja: ndani ya chumba hiki hakuna anayeulizwa kabila. Maneno hayo watoto wanayasikia tayari kwenye foleni ya maji, tena yakiwa mabaya zaidi na bila mtu mzima wa kuwajibu. Pia tuliona kwamba anayejua vita tu ataamini nyumbani kwao kulikuwa vita tu, hakukuwa na maembe. Sura ya mama anaporudi kutoka Rwanda tuliisoma sisi wenyewe usiku, watoto tukawasimulia kwa ufupi. Hiyo ni nzito, hata kwetu.

Kuna jirani, mama wa Kigiriki, anayemwazima Gaby vitabu wakati mji unawaka. Watoto walitaka kujua alikuwa navyo vingapi. Ukuta mzima, tuliwaambia. Wakatazama kimoja chetu, wakacheka tena.

Zimebaki sura chache. Tunakutana Jumamosi saa nane mchana, na mzazi yeyote anakaribishwa akae nyuma asikilize, hata yule aliyetugombeza. Tunamhitaji hasa mvuvi. Watoto wanauliza karabai ilifanyaje isizimike na upepo katikati ya ziwa, na kati yetu walimu hakuna hata mmoja aliyewahi kuvua usiku.