TUMBO LA MTOTO LINA WENYEJI WAKE (Sehemu ya 5)

Akina baba msikimbie, leo inawahusu pia.

Ndani ya utumbo wa kila mtu kuna bakteria matrilioni. Usishtuke, wengi wao hawana ubaya. Wanatusaidia kumeng'enya chakula, wanatengeneza vitamini K, na wanawabana bakteria wabaya wasipate nafasi. Ni kama meza yako sokoni: ukiiacha wazi siku moja tu, unakuta mwenzio kashapanga nyanya zake.

Mtoto anapata wa kwanza anapozaliwa, wengi kutoka kwa mama yake. Halafu kuna hili: kwenye maziwa yako kuna aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya. Sasa ipo ya nini? Ni chakula cha bakteria wazuri tumboni mwake. Hii ni sababu mojawapo ya sisi manesi kusisitiza miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama tu, hata maji hapana.

Na mtoto akikua, bakteria wanakula anachokula yeye. Hapahapa Tanzania, watafiti walichunguza vinyesi vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, matunda pori, nyama na asali. Matokeo yaliyotoka 2014 na 2017 yalionesha wana aina nyingi za bakteria kuliko watu wa mijini Ulaya na Marekani, na bakteria hao wanabadilika kiangazi na masika kufuata chakula. Sisemi twende porini kuchimba mizizi! Maharage, mboga za majani, dona na parachichi letu la Mbozi vina nyuzinyuzi, na hizo ndizo bakteria wazuri wanazipenda.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Mtoto ana mafua au anaharisha, na kabla hajafika kwetu kashapewa amoksilini iliyobaki kwa jirani, au ameshanunuliwa vidonge vya rangi mbili. Mama, mafua yanaletwa na virusi, na kuharisha kwingi kwa watoto ni virusi pia. Antibiotiki haiui virusi. Inachofanya ni kuwafagia wale wenyeji wazuri, na mtoto anaweza kuharisha zaidi. Wanaobaki ni wale sugu. Siku akipata nimonia ya kweli, dawa ileile inaweza kugoma. Hapo ndipo tunapopoteza watoto.

Kwa hiyo mtoto akiharisha:
- Mpe ORS kidogo kidogo, mara kwa mara.
- Mpe zinki siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekata.
- Endelea kumnyonyesha na kumlisha.
- Mlete haraka ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, anatapika kila kitu, analegea au hawezi kunyonya. Akiharisha majimaji mengi kama maji ya mchele, usisubiri kukuche.

Daktari akiandika antibiotiki, mpe bila wasiwasi na umalize dozi yote. Hiyo ina kazi yake. Ya kubahatisha ndiyo tunaikataa.

Sehemu ya 6 tutaongea uji na chakula cha mtoto aliyefikisha miezi 6. Mlale salama.