Kutoka Tasnifu hadi Kitabu cha Ukoo

Siku nilipopata nafasi ya kusomea uzamivu wa historia, mama aliwatangazia wauza dagaa wa Mwigobero kuwa mwanawe atakuwa profesa. Nami niliamini. Niliandika juu ya magharibi ya Serengeti, walikolima na kuwinda Waikoma, Wanata na majirani zao kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1951. Nilipohitimu, ajira za kudumu hazikuwepo. Chuo kimoja kilinipa vipindi vya mkataba, na malipo yakatoka muhula ukiwa umekwisha. Hata Butiama, chuo kikuu chenye jina la Mwalimu Nyerere ni cha kilimo na teknolojia. Nikarudi Musoma, watu wakanipa pole kama mfiwa.

Nyerere naye, na shahada yake ya Edinburgh, aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akarudi huku kwa muda na kumfundisha Kizanaki padri wa Maryknoll. Yeye alitolewa darasani na siasa. Mimi kodi ya nyumba. Tusifananishwe.

Kazi ya kuandika vitabu vya koo ilianzia kwa mzee mmoja wa Kiikizu, upande wa Bunda, aliyetaka habari za ukoo ziandikwe kwa ajili ya wajukuu walioko Mwanza na Dar. Nikamuuliza babu yake alizaliwa mwaka gani.

"Mwanangu, miaka ni yenu. Sisi tuna vizazi."

Akachukua fimbo, akachora vumbini mistari miwili ya vizazi: huu Saai, huu Chuma. Akashuka na mstari wake, baba kwa mwana, akigonga ardhi kila jina, kisha akapanda tena hadi kwa yule aliyeona sotoka ikimaliza ng'ombe. Hapo tukashikana, maana sotoka ya miaka ya 1890 naijua. Katika tasnifu yangu mambo hayo yamekaa kwenye sura ya mbinu za utafiti, sura ambayo kila mtu huiruka.

Koo nyingine zikafuata, za Bunda na Butiama. Baadhi hulipa pamba ikishauzwa, wengine huleta mbuzi. Siku nyingine nawafunda vijana wanaoongoza wageni kupitia lango la Ndabaka, ili pori wanaloliita tupu walitaje kwa majina ya waliowahi kuishi humo. Maktaba bado naitamani, na mshahara wa mwisho wa mwezi pia. Lakini tasnifu ilisomwa na watahini tu, tena kwa kulipwa. Kitabu cha ukoo husomwa na mashangazi, na shangazi akiona jina limekosewa hupiga simu alfajiri.

Sasa nyumba mbili za ukoo mmoja wa Butiama zinagombea ni bibi yupi aliolewa kwanza. Watahini wangetaka nipime ushahidi, nichague. Nimeweka masimulizi yote mawili, kurasa zikitazamana, na mpiga chapa ananisubiri niseme nyumba ipi ikae kushoto.