Mpira Chini ya Uvungu

Mzazi ukiuficha mpira uvunguni kwa sababu mitihani imekaribia, unaeleweka. Lakini mtazame Carlos Bilardo wa Argentina. Alisomea udaktari huku akicheza soka, akawa kiungo wa Estudiantes, klabu ya mjini La Plata iliyoanzishwa mwaka 1905, na jina lenyewe maana yake ni “Wanafunzi”. Beki wao Raúl Madero naye alikuwa daktari. Mwaka 1968 wote wawili walikuwamo kikosini ilipofungwa Manchester United. (Rafu zao, tuseme ukweli, usimfundishe mtoto!) Argentina ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1986, kocha alikuwa Bilardo, na aliyewatibu wachezaji ni Madero yuleyule.